Lugha Ambamo Hajafa

Jumanne ile, saa nane u nusu mchana, Gaudiosa Kokugonza alikuwa akila wali na mboga kwenye kopo la plastiki huku akitafsiri sura ya thelathini na moja. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou, China, juu ya maduka ya jumla ya mabegi, na harufu ya ngozi bandia ilipanda na lifti mpaka huko juu. Kampuni iliuza riwaya za kusomwa kwenye simu, sura moja kwa siku, kwa lugha tisa, na Kiswahili kilikuwa kimeongezwa mwaka huo. Riwaya aliyopewa iliandikwa kwanza kwa Kiingereza na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga India, ikapita kwenye Kichina, na sasa ilikuwa njiani kwenda Kahama na Kitui. Iliitwa Machozi ya Mnenguaji wa Hekalu.

Katika sura hiyo kapteni wa Kiingereza anamwona mcheza ngoma wa hekaluni kwa mara ya kwanza. Mwandishi alianzia kiunoni, akakaa kiunoni aya tatu nzima, hana haraka. Gaudiosa alikuwa amefika aya ya tatu, anahangaika kutafuta namna ya kuandika kitovu bila kumwaibisha mama yake, ambaye alikuwa msomaji wa kila siku, ndipo mcheza ngoma akatoka kwenye ukurasa. Alisimama kati ya meza na mashine ya maji, akavuta sari yake na kuifunga vizuri mpaka mbavuni.

"Basi, hapo panatosha," alisema.

Gaudiosa akaweka kijiko chini. Riwaya ilianza mwaka 1871, kwa hiyo mwanamke huyu, ingawa uso wake ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini, alikuwa amemzidi umri mbali sana.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Maji ya kunywa yako wapi?"

Akamwonyesha bomba la maji ya uvuguvugu. Mgeni akanywa vikombe viwili, akavuta kiti, akakaa kusubiri saa ya kutoka. Saa kumi na moja waliposhuka, mlinzi wa chini aligundua kwamba hakuwa na kadi ya mgeni. Akamwandikia moja papo hapo, akaipokea tena kupitia dirisha lilelile, akawafungulia mlango.

Gaudiosa alikuja Guangzhou kusoma fasihi kwa ufadhili, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Alipanga vyumba viwili mtaa wa Xiaobei pamoja na Mumbua, mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuja mara tatu kwa mwaka kukusanya mzigo mchanganyiko kutoka Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla: penseli, vibanio vya nywele, midoli. Nusu ya nyumba ilikuwa ya watu na nusu ya marobota.

"Na huyu ni nani tena?" Mumbua aliuliza bila kuacha kufunga robota.

"Ametoka kwenye kitabu, dada."

"Kile cha kapteni?" Mumbua akamkagua mgeni kuanzia asumini ya kichwani mpaka njuga za miguuni. "Haya, karibu, mrembo. Lakini hapo usikalie, hiyo iko na vikombe."

Mgeni akakaa mkekani. Wakati wa chai alisema kwamba jina aliloandikiwa kitabuni, Chandra, hakuna mtu aliyewahi kumwita. Jina lake lilikuwa Kanakavalli, binti Thangam, binti Sivakami. Mababa hawakutajwa, kwa sababu kwao nyumba, shamba na elimu vilishuka upande wa kike. Alikuwa na jambo moja tu la kusema, na alilisema akipuliza chai.

"Kwa Kiingereza nimekufa mara saba. Kwa Kifaransa mara nne, na mara mbili kati ya hizo ni jukwaani, nikiimba. Kijerumani mara moja. Kichina ni mwaka jana, kwa kitabu hikihiki. Nikishauawa kwenye lugha, ile lugha inanifunga mdomo. Naisikia, lakini siwezi tena kuisema."

"Hata lugha ya nyumbani?" Gaudiosa aliuliza.

"Kitamil walichelewa, lakini walifika. Hao waliniua kwa nia njema, ili wasichana wajifunze." Akanywa funda moja. "Kiswahili bado. Sijawahi kufa kwa Kiswahili. Ndiyo maana nimekuja, na ndiyo maana hapa tunaongea."

Gaudiosa alijua sura ya tisini inasema nini, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kusoma mwisho kwanza. Kapteni anakufa vitani. Mcheza ngoma anavaa nguo nyeupe za mjane, anashuka ngazi za bwawa la hekalu, anazama. Ilipangwa kutoka Ijumaa moja, miezi miwili mbele.

"Sura ya tisini ni ya kwangu kuitafsiri," alisema polepole.

"Najua," alisema Kanakavalli. "Sukari iko wapi?"

Wiki iliyofuata wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu kutoka kitabu chake. Wa kwanza alikuwa amelowa, ikabidi akae bafuni siku mbili mpaka akakauka. Wa pili alinuka moshi. Wa tatu alikuwa na tundu la risasi kwenye sari, upande wa kushoto, na aliomba sindano na uzi kabla hata ya kusalimia. Kulikuwa na aliyepewa sumu kwenye maziwa, ambaye hakutaka kuona maziwa ndani ya nyumba, basi wote wakahamia chai ya rangi. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa kumi na mmoja, pamoja na Kanakavalli. Waliheshimiana kwa mwaka wa kitabu kuchapwa: aliyechapwa kwanza ndiye dada mkubwa, naye alipewa kitanda cha Gaudiosa.

Wote walizungumza Kiswahili, kilekile cha Gaudiosa, pamoja na makosa yake. Wakati wa kuchambua mchele walilinganisha vitabu vyao. Waandishi wale hawakujuana. Wengine walitenganishwa na miaka mia na bahari mbili, na bado wote waliingia kwa mlango mmoja. Kwanza kiuno. Halafu macho, yenye huzuni isiyo na maelezo. Halafu kuhani mwenye kitambi na tamaa. Halafu mzungu anayetaka kumwokoa, au msomi wa nyumbani anayetaka kumwokoa, na wote wawili uokoaji wanauanzia kitandani. Halafu kifo. Katika vitabu kumi na kimoja hakuna mcheza ngoma aliyekuwa na mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyesoma barua, ingawa wote kumi na mmoja walijua kusoma na kuandika enzi ambazo wake wa mahakimu wa mji uleule hawakufundishwa herufi.

"Mimi nimefundishwa miaka kumi na miwili," alisema yule wa moshi. "Mwalimu wangu alikuwa na fimbo, na alinipigia hesabu ya hatua mpaka ndotoni. Mwandishi kaandika kwamba nacheza kama nyoka. Miaka kumi na miwili, nyoka."

Wengine wakaguna. Sita kati yao nao walikuwa nyoka, na mmoja alikuwa swala.

Gaudiosa aliona hasira inampanda mpaka masikioni. Alikuwa amesoma fasihi miaka saba, vitabu kama hivi alivisifu kwenye mitihani, akapewa alama nzuri.

Katika wiki ya tano mwenye nyumba alileta afisa wa kuandikisha wageni. Guangzhou kila mgeni lazima aandikishwe anakolala, na afisa huyo, bwana mpole mwenye tableti, alihesabu pasipoti mbili na watu kumi na watatu. Akauliza wale kumi na mmoja wametoka wapi. Gaudiosa akasema wametoka vitabuni. Afisa akafikiri kidogo, akauliza vilichapwa miji gani, akawaandika hivyo: London watano, Paris watatu, Leipzig mmoja, Madras mmoja, Guangzhou mmoja. Kisha akawaonya kuhusu marobota yaliyoziba ngazi za dharura, na Mumbua akaahidi kuyaondoa.

Jumapili yake Gaudiosa, Mumbua na Kanakavalli walikwenda Yide Lu, kwa kuwa njuga za Kanakavalli zilikuwa zimeanza kukatika. Yide Lu njuga zinauzwa kwa kilo, pamoja na zile za shingo za mbwa na za kupambia miti ya Krismasi, na muuzaji hakutaka kufungua mfuko kwa ajili ya vipande mia mbili. "Mei you," alisema, yaani hakuna, huku mifuko imemfika magotini.

"Laoban, hiyo mei you yako peleka kwa wengine," Mumbua alimwambia kwa Kiswahili, ila neno la bosi tu kwa Kichina, akimwandikia bei kwenye kikokotoo. "Mimi ni kastoma wako wa miaka sita." Wakaelewana, kama walivyoelewana miaka yote sita.

Meza ya pili ilikuwa ya shanga za kioo. Kanakavalli akachagua nyeusi na za dhahabu, akakaa kwenye kigoda cha muuzaji, akaanza kutunga. Alieleza bila kuinua macho. Kwao mcheza ngoma wa hekalu aliozwa mungu, kwa mkufu na mbele ya mashahidi, na mungu hafi. Kwa hiyo alikuwa mwanamke pekee mjini ambaye hawezi kuwa mjane. Maharusi wa nyumba zote, hata zile zilizomteta akipita barabarani, walituma watu kwake wamwombe atunge shanga za mkufu wa ndoa, ili bahati yake iwashike na wao. Walikuja kwa mlango wa nyuma, lakini walikuja.

"Mume asiyekufa," alisema Mumbua. "Na halewi, hapigi, hataki chapati moto kila saa. Huyo mzee hana kaka?"

Wakacheka wote watatu. Mumbua alikuwa mjane, huu mwaka wa tisa. Wakwe zake walisema yeye ndiye aliyemla mtoto wao, wakamtoa na begi moja, na kwa begi hilo akaanza biashara. Alipomaliza kucheka alinyoosha mkono, na Kanakavalli akamfunga uzi wa kwanza wa shanga. Muuzaji, ambaye binti yake alikuwa anaolewa mwezi ule, aliomba wa pili.

Ilipofika zamu ya sura ya tisini, Gaudiosa aliomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani. Alisoma sentensi moja moja za Kichina, akizigeuza papo hapo kwa sauti, na wale kumi na mmoja wakasikiliza. Alipofika kwenye nguo nyeupe, Kanakavalli aliinua mkono.

"Mjane wa nani?"

"Wa kapteni, bibi."

"Kapteni hakuwa mume wangu. Kapteni alikuwa mtu wa Jumatano." Hakupandisha sauti. "Huyu mwandishi ameokota nguo asiyojua inavaliwa na nani, akanivika mimi, mtu pekee isiyemhusu. Halafu ananitosa majini na sura inaisha. Unajua kwetu nikifa inakuwaje? Mungu anavuliwa nguo aliyovaa, nifunikwe mimi. Moto wa kunichomea unatoka jikoni kwake. Siku hiyo hekaluni hapapikwi, kwa sababu mungu amefiwa. Nimekufa mara zote hizo vitabuni, na hakuna aliyenizika."

Yule aliyekuwa amelowa akaangalia pembeni. Gaudiosa akauliza jambo lililomkera tangu siku ya kwanza.

"Lakini haikuwa dhuluma, bibi? Mtoto kupewa hekalu?"

"Ilikuwa," alisema Kanakavalli. "Nilitolewa nina miaka saba, na sikuulizwa. Kulikuwa na wakubwa waliotutumia, na wengine wetu hawakuwa na pa kukimbilia. Liandike hilo, usilifiche. Lakini liandike pamoja na shamba langu na mwalimu wangu na kesi niliyoshinda. Wao wanachukua lile moja, mengine wanatupa, halafu wanasema wamenihurumia. Mimi huruma hiyo siitaki. Waambie hivyo."

Gaudiosa akajikuta anamfikiria bibi yake mzaa mama. Bibi huyo aliondoka Bukoba kwenda Nairobi miaka ya arobaini, peke yake, akarudi na mabati, akajenga nyumba kwa jina lake mwenyewe. Hadithi za wanawake wa namna yake Gaudiosa alizisoma akiwa shule, na katika kila moja mwanamke wa Bukoba alianza kwa wanja na akaishia kwa ugonjwa. Bibi mwenyewe alikufa ana miaka tisini na mmoja, kitandani mwake, akiwa katikati ya ugomvi na fundi wa paa. Hakuna aliyeandika habari za fundi wa paa. Na hapa Guangzhou, mlinzi wa hoteli moja alishamsimamisha Gaudiosa mlangoni mara nne kumuuliza anamfuata mwanamume gani chumbani, na mara zote nne alikuwa amebeba kamusi.

Aliandika sura ya tisini kwa siku mbili. Habari za kifo cha kapteni zinafika asubuhi. Mcheza ngoma anasikitika, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kisha anaoga na kwenda mazoezini, kwa kuwa sikukuu ni Alhamisi. Mwaka unaofuata anamshinda kuhani mahakamani kwa ajili ya shamba la mama yake. Wale kumi na mmoja walisikiliza mpaka mwisho, wakamsahihisha hatua mbili za ngoma, wakaenda kupika.

Mwenye kampuni aliitwa Laoban Ou, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyevaa ndala ofisini na viatu vya visigino kwenye lifti. Aliisoma sura ile kwa kuirudisha kwenye Kichina kwa mashine, akasoma mara ya pili, akavua miwani. Mbele yake walikaa Gaudiosa na Kanakavalli.

"Hakuna kilio," alisema.

"Hakuna," alisema Gaudiosa.

"Wasomaji laki mbili na elfu kumi wa Kiswahili wamevumilia karibu siku tisini ili walie. Akifa watalia, watawatumia dada zao, dada zao watalia. Asipokufa watafunga simu wakapike." Alisema haya bila ubaya wowote. Alimmiminia Kanakavalli chai, na Kanakavalli akagonga meza kwa vidole viwili kushukuru, kama alivyoona watu wa Yide Lu wakifanya. Laoban Ou alipendezwa sana na jambo hilo.

"Kazi yako ni kutafsiri, si kutunga," alimwambia Gaudiosa.

"Sura ya kumi na mbili uliniambia nguruwe wawe mbuzi, kwa ajili ya wasomaji wa Mombasa. Nikawafanya mbuzi."

"Nguruwe hawapunguzi machozi."

"Lakini huyu yuko hai. Umempa chai."

"Namwona," alisema Laoban Ou. "Ni mzuri kuliko alivyoandikwa." Akafikiri. "Muulize kama Ijumaa anaweza kutokea kwenye video, moja kwa moja, dakika kumi kabla sura haijatoka. Aage wasomaji."

Gaudiosa akamgeukia Kanakavalli. Kanakavalli akanywa chai yake mpaka mwisho, akafunika kikombe kwa kiganja.

"Mwambie mimi siagi mtu."

"Anasema haagi," Gaudiosa alisema kwa Kichina. "Na mimi kifo hicho siandiki. Tafuta mwingine."

Laoban Ou akasema hakuna namna, basi mashine itaandika, ni kurasa sita tu. Gaudiosa akamtaka aondoe jina lake kwenye riwaya. Laoban Ou akasema jina liko kwenye jalada, jalada limeshatoka, na wasomaji wamemzoea. Akawasindikiza mpaka kwenye lifti, amevaa viatu vya visigino, akawapa pakiti ya majani ya chai. Gaudiosa aliacha kadi ya ofisi kwa mlinzi wa chini, na hakurudi tena Sanyuanli.

"Umefukuzwa?" Mumbua aliuliza.

"Nimetoka."

"Sawa. Shika hapo, tufunge."

Ijumaa ile sura ya tisini ilitoka saa nane mchana. Wote walikuwa jikoni na mlangoni pa jikoni, kwa kuwa watu kumi na watatu hawaenei. Mumbua alikuwa anabandika wali wa wengi, na Kanakavalli, aliyekuwa hapendi namna anavyopika, alikuwa anamwelekeza.

"Maji hayo, mwanangu, kwa mchele huu ya—" alisema, na simu ya Gaudiosa ikalia.

Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kisha akaufunga. Yule wa moshi alijaribu kusema, akashindwa. Yule wa risasi alijaribu, yule wa maziwa alijaribu. Kiswahili kilikuwa kimewafunga wote kumi na mmoja kwa mara moja, kwa sababu aliyekufa ndani yake, kwa namna walivyohesabu wao, alikuwa ni wao wote.

Gaudiosa alifungua sura. Mashine ilikuwa imeandika kwamba maji yalimkumbatia, na yeye alikuwa hakuna tena. Juu yake palisomeka: Imetafsiriwa na Gaudiosa Kokugonza. Chini, wasomaji walishaanza kulia. Mmoja wa Kahama aliandika kwamba ameunguza mboga kwa machozi. Mmoja wa Kitui alisema hivyo ndivyo yanavyowapata wanawake wa namna hiyo, lakini apumzike kwa amani. Mama yake Gaudiosa aliandika kwamba amejivunia binti yake, na kwamba mwisho ulikuwa na mafunzo.

Hilo la mama lilimuuma kuliko yote. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaandika, kwa jina lake kamili: "Hakufa. Yuko jikoni kwangu Xiaobei, tunapika. Mfasiri." Maneno yakakaa dakika mbili, yakafutwa. Akayaandika tena. Yakafutwa. Aliyaandika mara kumi na nne, na mara ya kumi na tano simu ikamwambia kwamba hana tena ruhusa ya kuandika hapo.

Kanakavalli alikuwa amesimama mbele yake muda wote, akimtazama. Hakuwa analia, wala hakuna aliyekuwa analia. Akainama, akakaza njuga zake mpya kwenye vifundo vya miguu, akakanyaga sakafu mara moja kwa kisigino. Wale kumi wakakanyaga mara moja. Wakaendelea hivyo, hesabu ya saba, kisha ya tano, sawasawa, mpaka vibanio vya nywele vikaanza kucheza ndani ya maboksi na mtu wa ghorofa ya chini akapanda kuangalia kuna nini. Alikuta mlango wazi. Akavua viatu, akasimama ukutani akiangalia, akaondoka walipopumzika.

Gaudiosa aliinuka, akanawa uso kwenye sinki. Akamgeukia Kanakavalli, akampigia goti kidogo kama walivyomfundisha nyumbani, akamwamkia kwa Kihaya, lugha ya kwao Bukoba.

Wale kumi na mmoja wakageuza vichwa pamoja.

Kanakavalli akaitikia. Aliitikia kwa Kihaya cha wazee, cha kuvuta maneno, na bila kupoteza wakati akaiokota ile sentensi yake pale ilipokatiwa, akaimalizia huku akinyoosha kidole kwenye sufuria.

"Amesema nini?" Mumbua aliuliza.

"Maji yamezidi."

Mumbua akashika mwiko, akachota vikombe viwili vya maji, akavimwaga kwenye sinki. Jikoni kote walikuwa wameanza kuongea, wote kwa pamoja, na Gaudiosa alikuwa amechukua daftari lake la ofisi, amegeuza upande wa nyuma, anaandika haraka, kwa Kihaya, akimuuliza Kanakavalli tahajia ya jina la mama yake.

Sura ya tisini ya mashine ipo mpaka leo, na jina la Gaudiosa liko juu yake. Laki mbili na elfu kumi walilia, na wengine elfu tisa walijiunga wiki iliyofuata kwa sababu ya kilio hicho.

"Waambie wasiogope," Mumbua alisema, akifunika sufuria. "Wakiwaua na huko, mimi niko na Kikamba."